Misemo ya Kiingereza Katika Mikutano

Siku hizi vijana wengi wa Kasansa, na wa Mpimbwe yote, wamalizapo shule ya sekondari huondoka kwenda Mpanda, Sumbawanga, Dodoma au Dar es Salaam kutafuta kazi. Wengine huajiriwa na serikali, wengine na mashirika au makampuni, na wote hukutana na jambo moja wasilofundishwa sana shuleni, nalo ni mkutano wa kazi. Kijana aliyeshinda mtihani wa Kiingereza huketi pamoja na wakubwa wake, husikiliza kwa bidii, na kila neno alijua likiwa peke yake. Lakini maneno yakiungwa pamoja hayafahamu. Asikia habari za mpira, na hapana mpira. Asikia habari za sahani, na hapana chakula. Aambiwa kwamba wote wawe katika ukurasa mmoja, na hapana kitabu kilichofunguliwa.

Kwa sababu ya shida hiyo zimetokea orodha nyingi za misemo ya Kiingereza itumiwayo katika mikutano na biashara. Nyingine zimepigwa chapa katika vijitabu, nyingine hupelekwa kwa simu kutoka mtu hata mtu. Upande mmoja huandikwa msemo, upande wa pili maana yake, na mwanafunzi huambiwa akariri thelathini au hamsini kabla ya kwenda kuulizwa maswali ya kazi. Tumezisoma orodha za namna hiyo, nasi twataka kuzipima hapa mbele ya wasomaji: zina faida gani, na zimepungukiwa na nini. Tena twataka kuuliza misemo hiyo inatufanyia nini ikisha kugeuzwa neno kwa neno na kuingia katika Kiswahili cha mikutano yetu wenyewe. Maana jambo hili haliishii mjini. Limekwisha kufika katika mikutano ya kijiji.

Kwanza tuseme yaliyo ya haki. Si vema kumcheka Mwingereza kwa kuwa na misemo, maana hapana lugha isiyo nayo. Mtu wa Kasansa, katika bonde la Rukwa, mbali sana na bahari, husema kwamba mambo ya chama yamekwenda mrama. Mrama ni kuyumba kwa chombo baharini, wimbi likikipiga ubavuni. Hutoa na methali, akasema, "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani," naye hajapata kuiona tezi wala omo, wala hajashuka ngamani kufua maji. Misemo hiyo ya wanamaji ilipanda bara pamoja na wasafiri, na walimu, na vitabu, ikakaa vinywani mwa watu kwa miaka mingi hata ikawa yetu. Basi Mwingereza naye, ambaye nchi yake ni ya kisiwani, na Mmarekani, ambaye apenda michezo yake, wana haki ya kusema kwa mifano ya kwao. Shida si kwamba wana misemo. Shida ni namna sisi tunavyojifunza misemo hiyo, na namna tunavyoitumia.

Kasoro ya kwanza ya orodha ni hii, kwamba hutoa jani na kuuacha mzizi. Tuchukue msemo usemao "step up to the plate". Orodha hueleza kwamba maana yake ni kujitokeza na kushika wajibu, na maelezo hayo ni sawa. Lakini mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "plate" ni sahani hubaki akishangaa, maana kwetu mtu anayeisogelea sahani kabla ya wageni hasifiwi hata kidogo. Kumbe msemo huo umetoka katika besiboli, mchezo wa Wamarekani. Bamba limewekwa chini uwanjani, na mchezaji ambaye zamu yake imefika husimama kando yake peke yake, akingoja kuupiga mpira aliotupiwa kwa nguvu. Mwanafunzi akionyeshwa picha hiyo mara moja, hana haja tena ya kukariri. Ataona mwenyewe kwamba ni habari ya mtu ambaye zamu yake imefika na hawezi kujificha nyuma ya wenzake.

Au tuchukue "bottom line". Huo ni mstari wa chini kabisa wa hesabu, mahali faida au hasara inapoonekana baada ya matumizi yote kutolewa katika mapato. Mkulima wa mpunga aliyehesabu mbegu, na kulima, na kupalilia, na kuvuna, na magunia, na nauli ya gari, aujua sana mstari huo hata kama hajui Kiingereza. Mwalimu akianza na hesabu ya mpunga, darasa zima litafahamu. Akianza na orodha, litakariri leo na kusahau kesho.

Na wakati mwingine mzizi wafundisha jambo ambalo wenyewe wameshalisahau. Neno "deadline", ambalo leo ni siku ya mwisho ya kutoa kazi, lilitumika kwa ukali sana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Katika gereza la Andersonville, huko Georgia, mwaka 1864, palikuwa na mstari ndani ya boma, na mfungwa aliyeuvuka alipigwa risasi na walinzi. Ndiyo maana neno "kufa" limo ndani yake. Sisi twasema "siku ya mwisho" au "mwisho wa muda", na twaona kwamba katika jambo hili Kiswahili kimesema kwa upole zaidi, na kwa uwazi uleule.

Kasoro ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Orodha hueleza maana ya msemo, lakini hazielezi ni nani awezaye kumwambia nani. Waingereza husema kwamba mpira uko katika uwanja wako, msemo uliotoka katika mchezo wa tenisi, maana yake sasa ni zamu yako kutenda. Mkubwa akimwambia mdogo, ni agizo la kawaida. Wenzi wakiambiana, ni sawa pia. Lakini kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita akimwambia hivyo mkuu wake mbele ya watu, yaonekana kana kwamba amlaumu kwa kuchelewa. Vivyo hivyo na ule mstari wa chini wa hesabu. Katika mikutano mingi mkubwa asemapo "bottom line" hataki hesabu yo yote, ataka kusema, "Maelezo yametosha, nipe neno lenyewe." Mdogo akilisema hilo kwa mkubwa wake, amemkatiza. Sisi tuliolelewa kujua namna ya kumwamkia mzee, na neno la kumwambia shemeji, na lisiloambiwa mkwe, tungalipaswa kuwa wa kwanza kuuliza habari hizo. Lakini orodha zimetuzoeza kudhani ya kwamba Kiingereza hakina adabu yake.

Wala mtu asidhani kwamba wenye lugha wenyewe hufahamiana sikuzote. Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, ameeleza katika kitabu chake cha habari za Vita Kuu ya Pili kisa cha mkutano wa Washington, mwishoni mwa mwaka 1941 na mwanzoni mwa 1942. Maofisa wa Uingereza walikuwa na waraka wa haraka, wakawaambia wenzao Wamarekani kwamba wataka kuuweka mezani. Kwa Waingereza, kuweka jambo mezani ni kulileta lijadiliwe mara moja. Kwa Wamarekani, ni kuliweka kando lisijadiliwe. Basi wakabishana muda mrefu, tena kwa uchungu, kabla hawajatambua ya kwamba wote walitaka jambo lile lile. Hao walikuwa maofisa wakubwa, wenye lugha moja, katika vita iliyogusa dunia nzima. Kijana wa Kasansa asione haya kuuliza, "Tafadhali, maana yake nini?"

Sasa twafika mahali ambapo msomaji wetu ana utajiri asioujua. Misemo mingi ya Kiingereza itumiwayo maofisini haikutoka katika michezo wala merikebuni, bali katika Biblia. Asemapo Mwingereza kwamba maandishi yapo ukutani, yaani dalili za maangamizi zimeonekana, asema habari za karamu ya Belshaza katika kitabu cha Danieli, sura ya 5. Asemapo kwamba kiongozi fulani ana miguu ya udongo, ni ile sanamu ya ndoto ya Nebukadreza katika sura ya 2. Tone katika ndoo ni Isaya 40. Mbuzi anayebebeshwa makosa ya wote ni Walawi 16. Mtu aliyenawa mikono katika shauri ni Pilato, Mathayo 27. Mkristo wa kijijini aliyesoma Biblia yake kwa Kiswahili anao ufunguo wa misemo hiyo yote, na vijana wengi wa huko Uingereza, wasiosoma tena Maandiko, huitumia pasipo kujua imetoka wapi.

Tena upo msemo mmoja ambao sisi twaufahamu kuliko wenyewe. Waingereza husema kwamba jambo limefanyika katika saa ya kumi na moja, maana yake karibu sana na mwisho. Mtoto wa Kiingereza akitazama saa yake haoni sababu, maana saa yake ikionyesha kumi na moja ni karibu na adhuhuri, au ni usiku. Lakini msemo huo umetoka katika mfano wa wafanya kazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, na watu wa nchi ile walihesabu saa tangu kupambazuka, kama tuhesabuvyo sisi hata leo. Kwetu saa kumi na moja ni jioni, jua limeinama, na mwenye jembe ajua kwamba muda wa kazi umekwisha karibu wote. Mwalimu anayewafundisha watoto msemo huu awaambie hayo. Wataona kwamba saa yao si ya kuonewa haya.

Lakini kwa kuwa twaijua asili, yatupasa pia kutambua misemo hiyo inapopotoshwa. Mabwana wa kazi hupenda kuwaambia wafanya kazi wao waende maili ya pili. Mafundisho hayo yako katika Mathayo 5. Bwana wetu aliwaambia watu waliokuwa chini ya nguvu za Warumi, kwamba mtu akikulazimisha kwenda naye maili moja, uende naye mbili. Aliyeambiwa ni yule aliyelazimishwa, ili awe huru moyoni, atende wema kwa hiari yake. Hapana neno lililompa yule mwenye kulazimisha haki ya kuidai maili ya pili. Basi mwajiri asimamapo mkutanoni akawataka watu wafanye kazi baada ya saa pasipo malipo, akaiita maili ya pili, ameyageuza maneno juu chini. Katika orodha zote tulizosoma, msemo huo hufasiriwa "kufanya zaidi ya ulivyoagizwa", wala hapana hata moja iliyoonya juu ya jambo hili.

Hata sasa tumesema habari za Kiingereza katika Kiingereza. Yaliyobaki ni mabaya zaidi, maana ni Kiingereza kilichovaa kanzu ya Kiswahili. Msikilizeni mtaalamu anayekuja kusema na wakulima. Asema, "Mwisho wa siku kila mkulima atapata haki yake." Kwa Kiingereza maana yake ni kwamba, mambo yote yakisha kupimwa, hivyo ndivyo itakavyokuwa. Lakini kwa Kiswahili mwisho wa siku ni jioni, na mzee aliyeketi nyuma ana haki ya kuuliza, "Siku gani?" Kiswahili kina "hatimaye", kina "mwishowe", kina "baada ya yote". Maneno hayo hayakuchakaa, wala hayakupungukiwa na kitu, ila yameachwa kando kwa sababu hayana harufu ya ofisi. Mwingine asema tuwe katika ukurasa mmoja, na wasikilizaji wake hawana karatasi hata moja. Angalisema "tufahamiane" au "tuwe na nia moja", wote wangalimwitikia.

Hatusemi kwamba kila kilichofuata mfano wa Kiingereza ni kibaya. Neno "mwenyekiti" lilifuata mfano huo, lakini lilishonwa vizuri kwa kitambaa chetu, maana hata kwetu kiti tangu zamani ni cha mkubwa wa baraza. Katika orodha ya mambo ya mkutano twaandika "yatokanayo" na "mengineyo". Waingereza huhitaji maneno mawili au matatu kwa kila moja ya hayo. Sisi twatumia moja, nalo kila mjumbe alifahamu mara alisikiapo. Huko ndiko kukopa kwa akili: kuchukua haja ya jambo, kisha kulitafutia neno lililo hai katika lugha yetu. Kufasiri msemo neno kwa neno ni kuchukua mifupa ya mwingine na kuiacha nyama.

Labda msomaji atasema kwamba tunagombana juu ya maneno tu. La, tunagombana juu ya ardhi na mazao. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na mkutano mkuu ndio watu wazima wote wa kijiji: mama aliyetoka shambani, mzee asiyeona vizuri, kijana wa bodaboda. Sheria imewapa nguvu hiyo kwa kudhani kwamba wanafahamu wanachokubali. Ikiwa mgeni atasimama mbele yao na kusema kwamba mradi huu mwisho wa siku utaleta ushindi kwa pande zote, na kwamba kilichobaki ni kuhakikisha wote wako katika ukurasa mmoja, kisha watu wanyoshe mikono, je, wamekubali nini? Ekari ngapi? Kwa miaka mingapi? Malipo gani, na nani atayalipa, na siku gani? Maneno ya namna hiyo ni kama lumbesa. Gunia laonekana ni moja, lakini lina kichwa juu, na anayepunjwa ni mkulima.

Nchi yetu imewahi kuonja uchungu huo. Mwezi wa Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alikuja Usagara, akafanya mapatano na Mangungu wa Msovero, na hati ile iliandikwa kwa Kijerumani, lugha asiyoijua mwenye nchi. Kwa hati kama hizo Peters alirudi kwao, na mwezi wa Februari 1885 akapewa waraka wa ulinzi wa Kaisari, na utawala wa Wajerumani ukaanza kutoka hapo. Mgeni wa leo hana haja ya kuandika Kijerumani. Aweza kusema Kiswahili safi cha matamshi, na bado maana ikabaki ng'ambo ya bahari.

Basi shauri letu ni hili. Kijana aendaye mjini ajifunze misemo ya Kiingereza kwa bidii, maana asiyeielewa atakaa kimya mkutanoni, na aliye kimya huamuliwa na wengine. Lakini kila msemo auulize mambo matatu: umetoka katika kazi gani au mchezo gani, ni nani humwambia nani, na Kiswahili husemaje jambo hilo hilo. La tatu ndilo lenye thamani kuliko yote, maana siku moja kijana huyo atarudi Kasansa akiwa bwana shamba, au mwalimu, au mjumbe, na kazi yake itakuwa kuwafasiria wazee wake. Nanyi wazee wa baraza, mgeni akisema neno msilolifahamu, mzuieni kwa heshima, mwambieni, "Ndugu yetu, tufafanulie." Katibu naye asiliandike neno katika muhtasari mpaka maana yake imesemwa wazi mbele ya wote.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho, sura ya 14 ya waraka wa kwanza, alisema kwamba katika kusanyiko aona heri maneno matano yenye kufahamika kuliko elfu kumi ya lugha isiyofahamika kwa wasikilizaji. Alisema hayo kwa ajili ya kanisa. Sisi twaona yafaa pia yasomwe siku ya mkutano mkuu wa kijiji, kabla ya mwenyekiti kusoma yatokanayo.